Bunduki Tano za Mzee Barnaba

Siku yangu ya kwanza kazini nusura nimuue koplo.

Sisemi hivyo kuwafurahisha. Niliripoti kituoni Mbinga asubuhi ya Jumatatu, viatu vinang'aa, kofia imekaa sawa, konstebo mpya kabisa kutoka chuo cha polisi, binti wa Mbuji ambaye kwao walilima ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, na kuchuma kahawa na hawakuwahi kuwa na askari katika ukoo. Mkuu wa kituo alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Umesoma kwa masista?"

"Ndiyo, afande."

"Basi mwandiko wako mzuri. Utakaa chumba cha silaha."

Nilidhani ananitania. Kumbe kwake yeye bunduki na mwandiko vilikuwa kitu kimoja, na baadaye nilimwelewa.

Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja la nondo, rafu za mbao na harufu ya mafuta ya bunduki iliyochanganyika na moshi wa zamani. Mwenyeji wangu alikuwa Koplo Turuka, mtunza silaha, mtu mwembamba aliyezungumza polepole kama anayehesabu maneno yake. Mezani palikuwa na gobori lililoletwa asubuhi ileile na mkulima wa Mpepai aliyetaka kuhuisha leseni. Nami kwa kutaka kuonekana hodari, nikalinyanyua, nikavuta nyundo, yaani kile kikono cha juu kinachogonga fataki, nikalielekeza dirishani. Dirishani alikuwa amesimama Koplo Turuka na kikombe chake cha chai.

"Usiguse hapo!"

Chai ilimwagika yote. Alikuja taratibu, akausukuma mtutu kwa kidole kimoja mpaka ukatazama sakafu, akairudisha nyundo kwa upole. Kisha akachukua mshindilio, ule ufito mrefu wa kushindilia baruti, akauzamisha mtutuni hadi ukagota. Akaweka alama kwa kidole gumba, akauchomoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ufito haukufika mwisho. Ulipungua kwa upana wa vidole vinne.

"Unaona? Hapo katikati kuna mgeni."

Gobori lilikuwa limeshindiliwa baruti na goroli, na fataki ilikuwa mahali pake. Mkulima wa watu alikuwa amelibeba begani kutoka Mpepai akisalimiana na watu njiani!

"Bunduki tupu," Koplo aliniambia, "ni ile uliyoihakikisha mwenyewe, sasa hivi. Si ya jana. Si ya kuambiwa."

Papo hapo nikaipenda kazi ile. Niliipenda kwa miaka zaidi ya thelathini, na hata sasa nikiisimulia moyo unanienda mbio.

Vijana wengi leo wanadhani silaha za raia ni bastola za matajiri. Kwetu haikuwa hivyo. Rejista yangu ya kwanza, kitabu kinene chenye jalada la kitambaa, ilikuwa imejaa magobori. Yalitengenezwa na wahunzi wa vijijini, mtutu kutoka bomba la chuma, kitako cha mti mgumu, na kila moja lilikuwa na tabia yake. Wengine walikuwa na shotigani, bunduki ya marisau, ambayo hutawanya chembe nyingi kwa mpigo mmoja. Wachache sana walikuwa na raifo, ambayo hupeleka risasi moja tu, mbali na kwa nguvu. Milimani watu waliomba silaha kwa sababu ya nguruwe pori na ngedere waliokuwa wakimaliza mahindi. Kule chini ziwani waliomba kwa sababu ya mamba na viboko. Kwenye safu ya "sababu ya kumiliki" niliandika nguruwe, nguruwe, ngedere, nguruwe, kiboko, mpaka nikawa naota wanyama.

Ndipo zikaja enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Walanguzi wa kahawa walianza kupanda Mbinga kwa magari yao wenyewe, kila mmoja na mzani wake, na barabara ya Songea ikawa na mitumba, redio mpya na watu tusiowajua. Na watu tusiowajua wakaja na mambo tusiyoyajua. Wafanyabiashara walipanga foleni dirishani kwangu wakiomba bastola, kwa kuwa walitembea na fedha. Majambazi nao wakaanza kuwatafuta haohao. Silaha za vita zilikuwa zikivuka mpaka kutoka kusini zimefichwa kwenye mizigo ya samaki. Ikawa kila wiki tunasikia jambo.

Serikali ikakaza kamba. Naunga mkono mpaka leo kwamba ilipasa kukazwa. Waraka ulitufikia ukisomeka hivi kwa kifupi: kila mwenye silaha aihakikishe upya, kila mtutu ugongwe namba, mwenye silaha awe na sanduku la chuma lenye kufuli mbili, anayemiliki zaidi ya moja aeleze kwa nini, na asipokuwa na sababu ya kutosha abaki na moja, zilizobaki azisalimishe. Na kubwa kuliko yote: bunduki inaweza kurithiwa, lakini leseni hairithiwi. Baba akifa, leseni imekufa naye.

Sentensi hiyo moja iliangusha nusu ya rejista yangu. Wengi walikuwa wakishika bunduki za marehemu babu zao, kwa leseni zenye majina ya watu waliokuwa makaburini tangu sijazaliwa.

Wakati huo nilikuwa nimepata tepe mbili, koplo, na Turuka alikuwa amestaafu. Mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye sote tulimwita OCD, aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa Kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri.

"Koplo Gotfrida. Unaijua rejista kuliko mkeo."

"Sina mke, afande."

"Nyamaza. Unateremka ziwani. Lituhi, Kihagara, mpaka Liuli. Hakiki, gonga namba, pokea zinazosalimishwa. Kila unayoipokea ifungwe kamba na kupigwa lakiri palepale. Na lakiri ikishapigwa," alinyanyua kidole, "haifunguliwi na mtu yeyote mpaka Songea. Nimeeleweka?"

"Ndiyo, afande."

Lakiri, kwa msioijua, ni ile nta nyekundu inayoyeyushwa na kudondoshwa juu ya fundo, kisha inagandamizwa mhuri. Ukiikuta imepasuka, kuna mtu amefungua. Haidanganyi.

Tuliondoka na gari la kituo, mimi na dereva wetu Konstebo Haule, kijana wa Kingoni mwenye maneno mengi na breki chache. Jamani, nani ameteremka ile milima akasahau! Unakwenda umeshikilia dashibodi, mawingu yako chini yako, halafu kona moja tu na Ziwa Nyasa linafunguka lote, bluu mpaka Malawi, na unajiuliza kama gari litasimama au litaingia humo. Haule alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nasali.

Siku tatu tulifanya kazi vizuri. Watu wa ziwani ni wakarimu. Ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa Nyasa, haukukatika. Lakini kila kijiji nilichopita niliacha nyuso zilizonuna. Mama mmoja Lituhi alinikabidhi gobori la marehemu mumewe akalipapasa kitako kama anayemuaga mtu stendi. "Nilikuwa nikiliona asubuhi nikifagia," alisema. Nikaandika, nikafunga kamba, nikayeyusha lakiri. Kazi ni kazi.

Siku ya nne tukafika Kihagara, kwa Mzee Barnaba Challe.

Huyu lazima niwaeleze. Alikuwa askari wa wanyamapori zamani, aliyezunguka mwambao wote akiua wanyama wakorofi, na baada ya kustaafu akabaki na sifa na bunduki. Alikuwa mzee wa kanisa la Anglikana, mweupe wa nywele, mgongo umenyooka, na macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Ukutani mwa sebule yake zilining'inia bunduki tano, zimepanguswa, zimepakwa mafuta, bila chembe ya kutu isipokuwa moja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unakuja. Karibu uwaone watoto wangu kabla hujawachukua."

Akanitembeza ukutani kama padre anayeonyesha sanamu za kanisani. Ile yenye kutu ilikuwa ya Kijerumani, babu yake aliiokota alipokuwa mpagazi katika vita ya kwanza. Haikuwahi kulia tena, nao waliiita Mdachi. Shotigani ya mitutu miwili iliitwa Pacha. Bunduki ndogo ya upepo, ya kufukuzia ndege shambani mwa mpunga, ilikuwa Kinanda. Raifo nzito ya kuulia wanyama wakubwa, aliyoinunua kwa leseni halali alipostaafu, ilikuwa Mkwe, kwa sababu, alisema, "huyu akizungumza, wote mnanyamaza." Na gobori la baba yake, refu kuliko mimi, kitako kimefungwa waya wa shaba, lilikuwa Bibi.

Nilimsomea waraka. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo moja."

"Moja, babu. Uchague."

Mimi na Haule tulijua atachagua Mkwe. Wote waliojaa mlangoni walijua. Ilikuwa na leseni hai, kwa jina lake, na pwani nzima hapakuwa na silaha nyingine ya kumwangusha kiboko.

"Bibi anabaki," akasema.

Watu walinung'unika. Mwenyekiti wa kijiji akajisogeza mbele. "Mzee, fikiria. Gobori? Na lile dume la mtoni?"

"Nimefikiria. Hawa wengine wana nguvu, watapata kazi kwingine. Bibi amezeeka. Nani atamchukua?"

Nilimwandikia leseni mpya ya gobori. Nikagonga namba kwenye mtutu wa Bibi kwa nyundo na patasi, na kila nilipogonga yeye alifumba macho. Kisha nikafunga zile nne, na risasi kumi na mbili za Mkwe kwenye mfuko wake, nikapiga lakiri. Mzee alinishikia mshumaa wa kuyeyushia.

Sasa lile dume la mtoni. Kiboko huyu alikuwa ameweka makao kwenye matete ya mdomo wa mto, karibu na bandari ya mitumbwi. Mtu fulani, hatukujua nani, alikuwa amempiga kwa gobori bila kibali, na goroli zilimjeruhi tu. Kiboko aliyejeruhiwa hana salamu. Miezi miwili alikuwa akifukuza watu wa mpunga, na afisa wanyamapori alikuwa ameitwa lakini alikuwa upande mwingine kabisa wa wilaya.

Asubuhi yake, jua limeshachomoza, tulikuwa tunapakia gari tuondoke. Mama Eliza, aliyekuwa ametupikia chakula tangu tufike, alikuwa ametuaga mapema akaenda ng'ambo ya mto kuvuna mpunga pamoja na wanawake wengine wawili. Ghafla tukasikia mayowe kutoka ufukweni. Yale mayowe ambayo hayahitaji tafsiri.

Tulikimbia. Kile nilichokiona bado nakiona. Mtumbwi ulikuwa umepasuliwa vipande viwili, vinaelea. Mama Eliza na wenzake walikuwa wamepanda juu ya jiwe moja jeusi, hatua kama sitini hivi kutoka ufukweni, jiwe lisilozidi ukubwa wa kitanda, wameshikana. Na kati yao na sisi, mgongo mkubwa wa kijivu ulikuwa unaibuka na kuzama, unaibuka na kuzama, ukizunguka.

"Mungu wangu," Haule akasema. Mara ya kwanza nilimsikia akisema maneno mawili tu.

Wanaume walitaka kusukuma mitumbwi. Wawili walijaribu, kiboko akafungua kinywa, wakarudi haraka kuliko walivyokwenda. Na hapo upepo wa mwera ukaanza kuvuma. Watu wa ziwani walitazamana. Mwera ukikolea huleta mawimbi makubwa, na jiwe lile, waliniambia, wimbi la mwera hulifunika kabisa.

Haule alishusha SMG yake kutoka begani, ile bunduki ya askari. Mzee Barnaba, ambaye alikuwa amefika akiongozwa na binti yake, aliusikia mlio wa kufuli ya usalama.

"Weka hiyo chini, mwanangu. Hiyo ni ya watu, si ya kiboko. Utamwongezea hasira."

Kisha akageuza uso wake kwangu, ingawa sijui aliniona vizuri kiasi gani. Watu wote wakanitazama. Walikuwa wanajua, nami nilikuwa najua, kwamba silaha pekee inayofaa ilikuwa kwenye gari langu, chini ya turubai, ikiwa na nta nyekundu kwenye fundo.

Redio ya gari haikushika. Milima ilikuwa imetuziba. Nilijaribu mara mbili. Nikaisikia sauti ya OCD kichwani: haifunguliwi na mtu yeyote. Nikawaza tepe zangu mbili. Nikawaza mama yangu Mbuji alivyozishona mwenyewe kwenye shati. Halafu Mama Eliza akaita kutoka jiweni, akaniita kwa jina, "Gotfrida! Mwanangu!" na wimbi la kwanza likawalowesha hadi magotini.

Nilirudi garini nikikimbia. Nilifungua rejista kwanza. Ndiyo, niliandika kwanza! Kalamu ilikuwa inaruka lakini niliandika: lakiri imefunguliwa na mimi, kuokoa maisha, saa, sahihi. Mwenyekiti akatia sahihi pembeni kama shahidi. Kisha nikaivunja lakiri kwa jino, maana kisu sikukiona.

Nikamkabidhi Mzee Barnaba raifo yake. Alivuta bolti, akaingiza risasi kwa kupapasa, akaipachika begani, na mwili wake wote ukawa kijana. Akalenga. Alilenga muda mrefu. Kisha akaishusha.

"Simwoni. Naona maji tu, na weusi." Akaninyooshea. "Piga wewe."

"Babu, mimi nimelenga mbao tu. Chuoni."

"Na yeye ni mbao. Lala chini."

Nililala mchangani. Haule aliweka gunia la muhogo niegemeze mtutu. Mzee akapiga magoti pembeni yangu, mdomo karibu na sikio langu.

"Akikutazama uso kwa uso, muache. Akigeuka ubavu, tafuta jicho, tafuta sikio. Katikati yake, chini kidogo kwa upana wa kidole. Usivute kifyatuo. Kibane, kama unakamua jipu."

Nikabana. Mkwe alizungumza! Bega langu liliwaka moto, masikio yakaziba, na maji yakaruka mbali mbele ya kiboko. Nimekosa. Na sasa alijua tuko wapi. Aligeuka, akaja, ziwa likipasuka mbele ya kifua chake, na watu nyuma yangu wakatawanyika kama kuku. Nilisikia miguu ikikimbia. Mzee Barnaba hakusogea hata kidogo.

"Bolti. Vuta, sukuma. Vizuri. Anakuja?"

"Anakuja, babu!"

"Uso kwa uso?"

"Ndiyo!"

"Muache aje. Kwenye maji mafupi atageuka. Wote hugeuka."

Sijawahi kumwamini mtu kama nilivyomwamini kipofu yule. Kiboko alifika maji ya kiunoni, miguu ikagusa chini, akatoa kishindo, na kweli, kweli kabisa, akageuza kichwa kutafuta njia ya matete. Nikaona jicho. Nikaona sikio. Nikabana.

Alikwenda chini kama nyumba inayobomoka. Hakuinuka tena.

Halafu vigelegele! Vigelegele kutoka kila upande, kutoka jiweni pia, na mitumbwi minne ikaingia majini kwa pamoja kuwachukua wale wanawake. Mama Eliza aliteremka akiwa amelowa, akanikumbatia mbele ya watu wote, na bega langu likaniuma mpaka nikapiga kelele, akadhani ninalia kwa furaha, naye akalia. Basi tukalia wote. Haule aliimba njia nzima ya kurudi kijijini.

Mzee Barnaba aliifungua raifo, akahakikisha haina kitu, akaipangusa kwa shati lake, akanirudishia. "Funga tena," alisema. "Kazi yake imekwisha." Nilipiga lakiri ya pili juu ya mabaki ya ile ya kwanza, na kwenye rejista nikaandika risasi kumi, si kumi na mbili.

Mbele ya OCD nilisimama wima mpaka mguu mmoja ukafa ganzi. Alikuwa na taarifa yangu mezani, kurasa nne.

"Ulivunja lakiri kwa ajili ya kiboko?"

"Kwa ajili ya wanawake watatu, afande."

"Ungekosa risasi ya pili je? Ungempiga mtu je?"

"Ningeandika hivyo hivyo, afande."

Alinitazama. Aligeuza ukurasa, akarudi kwenye ule wa rejista, wenye sahihi ya mwenyekiti. "Uliandika kabla ya kufungua."

"Ndiyo, afande."

"Hilo ndilo linalokuokoa." Akafunga faili. "Si kiboko."

Nilipata barua ya onyo, na tepe yangu ya tatu ikachelewa miaka. Sikukata rufaa. Amri ilikuwa amri, na kama kila koplo angefungua lakiri kwa huruma yake, basi nchi isingekuwa na lakiri. Lakini OCD yuleyule aliyenipa onyo aliandika barua nyingine, ambayo nilikuja kuiona baadaye nikipanga mafaili, akieleza kwamba mwambao hauwezi kubaki mikono mitupu, na kwamba sheria inayokusanya silaha ya mkulima inapaswa kumletea mlinzi. Ilichukua muda na barua nyingi juu ya ile, lakini hatimaye askari wa wanyamapori alipangiwa kituo mwambao, akiwa na raifo ya serikali. Wazee wa Kihagara walichinja mbuzi siku alipofika.

Bunduki zilizosalimishwa ziliteketezwa Songea, hadharani, lundo zima na mafuta ya taa. Mzee Barnaba alisafiri kuja kushuhudia. Nilimsihi asije. Alikaa kwenye kiti mstari wa mbele, na moto ulipowaka akataja majina yao moja moja kwa sauti, Mdachi, Pacha, Kinanda, Mkwe, kama anayesoma majina ya ndoa kanisani. Waandishi wa habari walidhani amechanganyikiwa. Alipomaliza aliniuliza kama gari la kurudi lina nafasi mbele, kwa sababu ya mgongo.

Alipofariki, mwanawe aliyekuwa mvuvi alikuja Mbinga kwa basi, na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye kitenge. Hakuna aliyemfuata. Hakuna aliyemtishia. Aliiweka Bibi mezani kwangu. Kwa desturi nikazamisha mshindilio, nikapima, palikuwa patupu.

"Sababu ya kusalimisha?" nikauliza, kwa kuwa safu ilitaka kujazwa.

"Andika kwamba mwenyewe amelala."

Nikaandika hivyo. Sikuitafutia Bibi mlango wa nyuma, ingawa kuna waliotarajia ningefanya. Ilikwenda Songea na nyingine.

Nilistaafu nikiwa sajenti. Niliagwa kwa ngoma na seti ya vikombe, nikahamia Mpepai, kwenye shamba nililonunua, kahawa juu, mahindi chini. Na mwaka wangu wa pili nguruwe pori wakamaliza mahindi yote. Yote! Nikasimama katikati ya shamba nikiwa na hasira ambayo niliiandika kwenye rejista mamia ya mara bila kuijua.

Basi nikaenda kuomba leseni ya shotigani. Nikapitia kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji, nikapiga picha, nikatoa alama za vidole, nikasimama foleni kwenye dirisha la nondo. Upande wa pili alikuwa askari wa kike, kijana, mwandiko mzuri sana.

"Mama, umewahi kushika silaha?"

"Kidogo," nikajibu.

Alinieleza masharti yote, polepole, kama anavyoelezwa mzee. Nyumba yangu ilikuwa na mlango wa mbao na sanduku langu la chuma lilikuwa na kufuli moja. Ombi likakataliwa. Nilikasirika siku mbili nzima, nikamlaumu kila mtu kuanzia yule binti mpaka serikali yenyewe, nikasema maneno ambayo raia waliniambia mimi kwa miaka thelathini. Siku ya tatu nilichukua jembe, nikaita majirani, tukachimba mtaro kuzunguka mashamba yetu sita, wenye kina cha kiuno, tukicheka na kuimba kama watu waliokwenda harusini. Mahindi ya mwaka ule tulivuna sote. Na yule binti wa dirishani, nilipopita Mbinga kuuza kahawa, nilimpelekea debe la mahindi.